Usiku wa Nyota kwenye Kiwanja cha Masomo



Tangu usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 wengi wamenisimamisha njiani na kuniuliza: Baba Pasta, mulifanya namna gani? Hata ndugu wa Kambove na wa Kolwezi wametuma neno kwamba wao vilevile wanataka kupanga usiku wa nyota kwa watoto wa masomo pamoja na jamaa zao. Basi ninawaandikia vile tulivyofanya hapa kwetu, karibu na Likasi, ili kila mmoja asitafute njia peke yake.

Nianze na habari ya vyombo, maana ndiyo watu wanauliza kwanza. Hatukuwa na darubini. Tulikuwa na jumele moja tu, mali ya mwalimu mmoja, tena kioo kimoja cha ile jumele kina ufa. Ilitosha. Kwa jumele ya namna ile mtu anaona mashimo ya mwezi, na siku nyingine, Jupiter ikiwa juu, anaiona pamoja na vinyota vidogo pembeni yake, ile miezi minne ambayo Galileo aliiona kule Italia mwezi wa Januari 1610. Lakini sehemu kubwa ya usiku wa nyota ni kazi ya macho na shingo. Kinachohitajika kweli ni giza, na giza katika miji yetu ya mgodi si rahisi kupata. Taa za kiwanda zinawaka usiku kucha, vumbi la barabara linasimama hewani, na kiangazi kikielekea mwisho kuko moshi wa majani yanayochomwa porini. Tafuteni kiwanja ambacho nyumba ya masomo inaziba taa za kiwanda. Na kama mnaweza kuchagua siku, chagueni usiku usio na mwezi, kati ya Mei na Agosti, wakati mbingu yetu ni safi kabisa.

Sisi tulichagua kinyume, usiku wa mwezi mzima. Kuko sababu, na sababu yenyewe si ya nyota.

Siku nilipotangaza habari hii kwa mara ya kwanza, mama mmoja alisimama mbele ya wote, mama wa heshima ambaye amelea watoto wengi wa kartie. Akasema: “Baba Pasta, usiku ni ya balozi. Batoto yetu batafanya nini inje?” Watu wakaitikia kwa chini. Msimcheke, ndugu msomaji. Yeye alisema kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa nacho moyoni. Katika muji kama wetu, usiku ni wa mapolisi na wezi, wa walevi, wa wakrezeri wanaorudi kutoka kariere, wa baba wanaokwenda posti ya usiku. Mtoto anaujua usiku kutoka nyuma ya mlango uliofungwa tu. Halafu juu ya hayo yote watu wanaweka uchawi.

Na uchawi, katika kartie yetu, ulikuwa umekwisha kupewa uso. Kuko msichana mmoja wa miaka tisa. Mama yake alikufa, baba yake alikwenda kutafuta kazi mbali na hajarudi, naye analelewa na shangazi. Mwaka ule mtoto mchanga wa jirani alikufa kwa malaria. Mtu mmoja anayejiita nabii akasema amemwona yule msichana usiku. Hakusema zaidi. Haikuwa lazima aseme zaidi. Kisha juma mbili, watoto wengine walikuwa wanasimama mbali naye kwenye bomba la maji, na kwenye darasa alikaa kwenye benchi peke yake.

Sheria iko, tusidanganyane. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka azabu ya kufungwa. Nilimwambia shangazi haya yote. Akanijibu: “Asante, Baba. Lakini sheria haitakwenda kuteka maji pamoja naye.”

Sasa sikilizeni vizuri. Mwalimu mmoja alikuwa amenionyesha kwamba usiku wa 7 Septemba mwezi utapatwa, kupatwa kwote, na kwamba hapa Katanga tutakuona toka mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa siku ya Mungu, saa za jioni, watu wote wakiwa inje ya nyumba. Nikafikiri: mwezi utakuwa mwekundu juu ya kartie yetu, tupende tusipende. Kama watu hawajui mbele, watauliza ni mkono wa nani. Na mkono ulikuwa umekwisha kupatikana, mkono mdogo unaobeba bidoni ya maji.

Ndiyo maana tulichagua usiku ule, na ndiyo maana kazi yetu ya kwanza haikuwa kutafuta jumele. Ilikuwa kutangaza saa. Siku za Mungu tatu, moja kisha ingine, nilisoma saa zile mbele ya watu wote. Watoto wa mwaka wa sita walipaka rangi nyeusi ubao wa zamani, wakauweka kwenye mlango wa kiwanja, wakaandika kwa chaki kubwa: saa 18:27 kivuli kitaanza kuuma mwezi. Saa 19:30 mwezi wote utaingia katika kivuli. Saa 20:52 nuru itaanza kurudi. Saa 21:56 kivuli kitaisha. Baba mmoja mchimbaji, mtu wa mizaha, alisimama mbele ya ubao akasema hata treni ya Kamina haikuwahi kuandikiwa saa namna hii. Watu wakacheka, na kwa sababu walicheka wakazikumbuka saa.

Nawaomba ninyi mnaotaka kufanya kama sisi: msiseme tu “usiku” au “jioni”. Semeni saa na dakika. Mtu anaweza kubishana na maelezo ya pasta na ya mwalimu, lakini saa ya mkononi haina upande.

Juma lile walimu walifanya fundisho darasani kwa chungwa, limau na torshi. Torshi ni jua. Chungwa ni dunia. Limau ni mwezi. Zima taa, funga madirisha, mtoto mmoja ashike torshi, mwingine chungwa, na wa tatu azungushe limau polepole nyuma ya chungwa. Limau linaingia katika kivuli, darasa lote linapiga kelele. Limechukua dakika kumi na matunda mawili, na matunda yanaliwa kisha. Swali la watoto ni moja kila mara: mbona mwezi hauwi mweusi, unakuwa mwekundu? Jibu ni jepesi. Dunia yetu imezungukwa na hewa, na hewa inapindisha nuru kidogo ya jua na kuipeleka mpaka ndani ya kivuli. Lakini nuru ikipita katika hewa nyingi, ile ya samawati inatawanyika njiani, nyekundu inabaki. Ni ile ile nyekundu unayoona jua likishuka, tena kwetu ambako vumbi ni nyingi tunaijua vizuri. Nuru inayopaka mwezi usiku ule ni nuru ya machweo yote na mapambazuko yote yanayotokea duniani saa ile. Mwezi uko mbali kilometa 384.000 hivi, na machweo yetu yanafika mpaka kule.

Kuhusu kupanga watu, nitasema upesi. Tuliomba ruhusa kwa shefu wa kartie, kwa maandiko. Tuliandika kwenye kaye jina la kila mtoto na la mtu mzima aliyemleta, maana sharti letu lilikuwa moja: mtoto haingii bila mzazi au mlezi wake. Wengine walilalamika. Sharti hili msiliache, kwa sababu ya usalama, na kwa sababu nyingine mtakayoiona mbele. Watu walileta mikeka, mabashi na blanketi. Mamama waliwasha mbabula mbili nyuma ya ukuta, mbali, ili moto usiharibu macho, wakachemsha chai na kukaanga karanga. Torshi zote tulizifunga kitambaa chekundu, na telefone zikawekwa mfukoni. Jicho linahitaji dakika ishirini mpaka thelathini kuzoea giza, na telefone moja ikiwashwa inarudisha kila mtu nyuma.

Mwezi ulipanda kisha saa kumi na mbili ya mangaribi, mkubwa, wa rangi ya mahindi. Kisha robo ya saa ukaanza kuumwa, lakini ulikuwa bado chini, nyuma ya miti, na wengi hawakuona chochote. Mara umeme ukakatika kartie nzima. Delestaji! Sikumbuki mara ingine watu walipigia delestaji makofi.

Ilipokaribia saa 19:20, mwezi ulibaki kama ukucha. Huko avenyu za ng'ambo, kwa watu ambao hawakusikia tangazo, tulisikia sufuria zikipigwa na mbwa wakilia. Watoto wadogo wakaingia ndani ya vitenge vya mama zao. Yule msichana alikuja, shangazi alimleta kwa mkono, wakakaa kwenye mkeka wa bibi yangu karibu na ubao. Na hapo, nyuma yangu, nikasikia sauti ya mtu mzima: “Muko naona? Njo ule mutoto iko hapa.”

Giza lilikuwa nyingi, sikumwona aliyesema. Kabla sijafungua kinywa, yule baba mchimbaji, mtu wa mizaha, akasimama. Hakugombana na mtu. Alimulika ubao kwa torshi nyekundu, akamulika saa yake, akaanza kusoma kwa sauti kama mtu anayehesabu baruti chini ya mgodi: “Saa 19 na dakika 26. Imebaki ine. Saa 19 na dakika 27. Imebaki tatu.” Watoto wakaanza kuhesabu pamoja naye. Wakubwa wakafuata. Ilipofika 19:30, ule uzi wa mwisho wa nuru ulizimika, na watu wote wakapiga kelele ya furaha kama bao limeingia. Hakuna tena aliyemwangalia msichana. Wote walikuwa wanatazama juu, na yeye vilevile, kinywa wazi.

Mwezi ulikuwa kama kaa la moto linaloanza kuzimika. Na nyota zikatoka. Hili ndilo zuri la kupatwa kwote: dakika 82 mbingu inakuwa ya usiku usio na mwezi. Njia ya Maziwa ilionekana toka kusini mpaka kaskazini ikipita juu ya vichwa vyetu. Nge alikuwa juu upande wa mangaribi, na moyo wake mwekundu, Antares. Msalaba wa Kusini ulikuwa umelala chini kabisa, unataka kwenda.

Hapa tulifanya mchezo ambao ninawashauri ninyi wote muufanye: kumpa kila mmoja nyota ya miaka yake. Nuru inakimbia kilometa karibu 300.000 kwa sekunde moja, lakini nyota ziko mbali hivi kwamba nuru yao inatembea miaka. Nyota angavu kushinda zote kusini-mangaribi usiku ule ni Alpha Centauri. Nuru yake inachukua miaka minne na zaidi. Basi: “Watoto wa miaka minne, simameni! Nuru mnayoiona ilitoka kule mulipozaliwa.” Altair, miaka 17 hivi. Vijana wa miaka kumi na saba walisimama wakijifanya wakubwa. Vega, kule kaskazini, miaka 25. Arcturus, 37, na mama mmoja akasimama akisema hajawahi kutaja miaka yake mbele ya watu, lakini kwa nyota atakubali. Tulipofika kwa Antares, ambayo nuru yake inatembea zaidi ya miaka mia tano, mwalimu alisema nuru ile ilitoka karibu na nyakati ambapo meli za Wareno zilifika mara ya kwanza kwenye kinywa cha mto Kongo, mwaka 1482. Watu wakanyamaza. Kwa miaka tisa ndiko tulikosa kidogo: Sirius inafaa kwa miaka minane na nusu, lakini mwezi wa Septemba haitoki mpaka kisha katikati ya usiku. Yule msichana alisema, kwa sauti ndogo, kwamba atangoja. Ndiyo neno la kwanza nililomsikia akisema mbele ya watu wengi.

Sababu ya pili ya sharti letu kuhusu wazazi ni hii: wazazi wanajua vitu. Nkambo mmoja, mwanamke asiyejua kusoma, aliuliza Kilimia iko wapi. Tukamwambia itatoka mashariki usiku mkubwa, kisha saa tano. Akasema anajua, alitaka kuona kama sisi tunajua. Akaelezea watoto kwamba ile kundi ya nyota ndogo, ikianza kuonekana mashariki mara jua linaposhuka, mvua imekaribia au imefika, jembe lisilale, na ndiyo maana jina lake linatoka katika kulima. Ni kweli, kwetu inakuwa hivyo mwezi wa Novemba. Watoto waliozaliwa katikati ya kariere na hawajawahi kushika jembe walimsogelea wakaketi. Mwalimu mwenye jumele alibaki peke yake muda mzuri.

Kijana mmoja krezeri, aliyekuja na mdogo wake akiwa bado na udongo kwenye viatu, aliuliza swali ambalo sikulitazamia. “Baba Pasta, hii kobalti yenyewe inatokaka wapi?” Nilimwachia mwalimu. Akasema: shaba na kobalti tunazochimba zilipikwa ndani ya nyota kubwa zilizokufa kabla dunia haijafanyika, na zilipolipuka zilitupa vitu hivyo mbinguni, kisha vikaingia katika udongo wa dunia. Mwezi wa Februari 1987 nyota moja ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, mbali kuliko nyota zote tulizokuwa tunaziona, na watu wa upande wetu wa kusini wa dunia waliweza kuiona kwa macho matupu. Miezi mingi kisha mlipuko, kilichoendelea kuwaka kule kilikuwa kobalti, si ile ya mashimo yetu bali ndugu yake isiyodumu, ambayo nusu yake inageuka chuma kila siku 77. Nuru ile ilikuwa nuru ya kobalti ikigeuka chuma. Mzee mmoja akasema mwaka 1987 alikuwa kazini posti ya usiku, na hakuna aliyemwambia ainue kichwa. Yule krezeri alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema: “Chini ya shimo hatuonaka hata kama ni muchana.” Akamwinua mdogo wake mabegani, wakaomba jumele.

Saa 20:52 nuru ilirudi pembeni mwa mwezi, nyeupe, kali. Chini yake, nyota moja ya rangi ya majani makavu, nayo ni Saturne. Hatukungoja 21:56. Watoto walikuwa wanalala, na kesho yake kulikuwa masomo. Tuliwarudisha kwa makundi, avenyu kwa avenyu, kila kundi na wababa wawili mbele na wawili nyuma, tukifuta majina kwenye kaye. Kundi la avenyu ya msichana lilipitia mlango kwa mlango. Yule mama wa heshima, aliyesema usiku ni wa balozi, alimbeba mgongoni mpaka kwao, maana usingizi ulikuwa umemchukua.

Msifikiri kila kitu kimetengenezwa. Yule anayejiita nabii angali anapokea watu, na jirani waliofiwa na mtoto hawasalimiani bado na shangazi. Shefu wa kartie aliwaita pande zote mbili na kusoma ile sheria ya 2009 mbele yao, na tunaendelea kuzungumza. Kwenye bomba la maji, niliona, msichana anasimama katika mstari pamoja na wengine, na kwenye benchi yake wanaketi watatu. Wanagombania nafasi, mwalimu ananiambia, na amewapiga makelele mara mbili.

Wanaouliza habari ya kupatwa kwa mwezi mwingine, hesabu ziko. Tarehe 31 Desemba 2028, nayo ni siku ya Mungu, mwezi utapanda jioni ukiwa umekwisha kuingia kivulini, kama mawingu ya mvua yatatuachia nafasi. Tarehe 26 Juni 2029 ni alfajiri, katikati ya kiangazi, mbingu safi: kivuli kitafunika mwezi wote saa 4:31, na asubuhi itakuta ungali mwekundu kule mangaribi. Andikeni kwenye ubao mapema. Kwa Juni ongezeni blanketi, maana saa zile baridi ya kwetu inakata, na chai muitie tangawizi.